Picha ya Mama Elia

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Kwako mama yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa kibarazani, siyo umelala, na mguu umepungua kuvimba kama Atupele alivyoniambia. Dawa ya kuchua bado ipo au imekwisha na umenyamaza tu kama kawaida yako? Na kakao mmeipata kuianika, au mvua za Kyela zimewanyima nafasi? Huku mvua tunaisikia kwa watu. Mimi mwili ni mzima. Tumaini anauliza maswali mpaka nakosa majibu, na mdogo wake ameanza kutambaa, nikimweka chini tu anaelekea jikoni kama ameitwa. Sasa hivi wote wamelala, ndiyo nimepata kushika kalamu.

Atupele mdogo wangu, ukimsomea mama soma polepole. Ukifika mahali nilipofutafuta usiseme nimekosea, ruka tu.

Mama, nimeona niandike kwa sababu kwenye simu nikianza nalia, ukisikia nalia na wewe unaanza, mwisho tunakata hatujaambiana kitu. Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama nimeshamwambia mama mkwe kwamba picha yake ilinunuliwa na Wazungu, kama ulivyonishauri. La pili, narudi lini nyumbani na watoto. Nitajibu yote mawili. Ila niruhusu nianzie mbali, maana Elia hukumfahamu. Ulimwona mara moja, siku aliyokuja kujitambulisha, na siku ile alivaa koti la kuazima na hakufungua mdomo.

Nilipokuja huku kumsaidia shangazi kwenye kibanda chake cha chakula pale Majengo, Elia alikuwa fundi wa mabango. Ukiona saluni imechorwa kichwa cha kijana mwenye panki, ni yeye. Ukiona kuku amechorwa kwenye ukuta wa banda la chipsi, mnene kuliko kuku yeyote anayeuzwa mle ndani, ni yeye. Alikuwa anakuja kula mikono imejaa rangi mpaka kwenye viwiko, shangazi anamfukuza, "Wewe fundi nenda kanawe, utatupakia ugali rangi." Yeye anajibu, "Mama hii haitoki, nilizaliwa nayo." Nikacheka. Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Mwaka wa kwanza wa ndoa alipata kazi ya kumchorea mfanyabiashara mmoja picha za watalii. Twiga watatu, jua jekundu, Mmasai na mkuki. Kila siku hizohizo. Siku moja alirudi akakaa mlangoni hata viatu hakuvua, akasema, "Mke wangu, nimechora twiga mpaka nawachukia, na twiga mwenyewe sijawahi kumwona." Kesho yake hakwenda. Nilimgombeza, mama, sitakuficha. Nilikuwa na mimba ya Tumaini.

Kumbe siku chache kabla alikuwa ameenda kuandika namba kwenye milango ya chuo fulani, na mwalimu wa sanaa wa pale akamfungulia vitabu. Akaona picha zisizo na mtu wala mti wala mnyama, rangi tu, na akasema moyo ulimdunda kama amekutana na ndugu. Picha za namna hiyo zinaitwa dhahania. Nilijifunza kulitamka hilo neno ili nipate la kuwajibu majirani, maana walikuwa hawanipi nafasi.

"Mama Tumaini, mumeo siku hizi anapiga lipu maturubai?"

"Anachora picha dhahania."

"Dhahania ndiyo nini?"

"Picha isiyo na mtu."

"Sasa kama haina mtu si ni ukuta, dada yangu?"

Na hawakukosea sana kusema lipu. Rangi ya dukani aliiacha. Alichora na udongo. Mwekundu aliutoa kwao, kijijini huko njia ya Mvumi, mweupe aliuchimba mahali wanapochimba wanawake wa kupaka nyumba, mweusi ulikuwa mkaa wangu aliouiba jikoni na kuutwanga. Aliuchanganya na gundi ya mgunga, ile inayotoka kwenye magome, anailoweka mpaka inalainika. Kitambaa cha kuchorea alikipata kwa wauza nafaka wa Majengo. Ni yale maturubai mazito ya zamani ya kufunikia magunia, yakitoboka wanampa. Ukiyatazama kwa nyuma ni turubai kuukuu tu. Na yeye akimaliza kuchora aliyakunja, picha ndani, turubai nje, akayasimamisha kwenye kona.

Kazi yake ikaanza kuitwa kazi. Mbili zilichukuliwa Dar es Salaam kwenye maonyesho, akaitwa na yeye aende, akasimama pembeni ya picha zake na lile koti la kuazima. Aliporudi alinisimulia kwamba mama mmoja wa heshima alikaa mbele ya picha muda mrefu halafu akamuuliza, "Kijana, hapa umechora nini?" Elia akasema, "Mikono ya mama yangu." Yule mama akatazama tena, akasema, "Mbona siioni?" Elia akamwambia, "Usiitafute." Sijui kama alimjibu hivyo kweli au aliongeza mwenyewe njiani. Lakini gazeti moja lilimwandika mistari michache, akaikata akaiweka kwenye Biblia.

Kubwa kuliko zote ilikuwa picha ya mama yake. Aliifanya miaka miwili, anaiacha, anairudia. Alimwambia kwenye simu, "Mama, nakuchora." Nilikuwepo. Sauti ya mama mkwe huwa inatoka nje ya simu, nikamsikia, "Umenivalisha kitenge gani?" Elia akacheka mpaka akakohoa. "Utaona mwenyewe, mama." Alipokata simu nikamwambia mwambie ukweli kwamba hakuna kitenge, hakuna hata uso. Akasema, "Akiiona atajua."

Mama, hapa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu. Ugonjwa wa figo ulipomzidi na akawa wa kulala tu, aliniomba niikunjue ile picha niitundike mbele ya kitanda. Nikaitundika. Akaniuliza, "Unamwona?" Nikasema, "Namwona." Kesho tena, "Unamwona?" "Namwona." Sikumwona, mama. Niliona udongo. Niliona mistari ya vidole kwenye udongo na nilikuwa nimechoka, nimetoka kufua mashuka yake, mtoto analia, nikasema namwona ili anywe uji. Aliamini. Siku aliyopelekwa hospitali mara ya mwisho niliikunja nikairudisha kwenye kona na zile nyingine.

Msiba kaka alikuhadithia, alikuja akakuwakilisha vizuri. Lakini hili ninalokuambia sasa hakulijua, ingawa yeye mwenyewe aliikalia ile picha.

Baba mdogo wa Elia ndiye aliyepanga safari ya kumpeleka marehemu kijijini. Akawa anaelekeza watu wapakie masufuria, mikeka, ndoo. Nikamsikia anasema, "Na yale maturubai ya pale kwenye kona pandisheni, watu watakalia nini?" Niliyaona yanapita mlangoni kwenye mabega ya watu. Niliyaona, mama, kwa macho yangu. Na sikusema kitu. Akili yangu ilikuwa kwenye sanduku.

Basi yakatandikwa uwanjani kwa mama mkwe, watu wakakaa. Siku tatu. Ugali, mchuzi, mafuta, watoto. Mimi nilikuwa ndani nimekalishwa na wanawake kama ilivyo kwa mfiwa, sikutoka. Siku ya kuanua matanga wanawake wakaosha kila kitu. Unajua mwenyewe vyombo vya msiba vinaazimwa, turubai unatoa kwa huyu, sufuria kwa yule, na kurudisha kitu cha watu kichafu ni kujiaibisha wewe na marehemu wako. Nilikuwa nawasikia kwa nje, maji yanamwagwa, wanasugua, wanachapa vitambaa. Nikamsikia mtu anasema, "Mama Elia kapumzike, sisi tutafua." Na nikamsikia yeye anajibu, "Mniache. Watu wametustiri, nitarudishaje turubai lao na uchafu huu?"

Alifikiri ni ya kuazima. Kwa nini asifikiri hivyo? Yametoka mjini, hakuna aliyemwambia ni ya mwanawe.

Wiki mbili baadaye, nimesharudi Nkuhungu, binamu yake Elia akaniletea yamekunjwa vizuri, yananukia sabuni. Akasema, "Mama kasema uwarudishie wenyewe, na uwaambie tunashukuru." Niliyafungua moja moja. Gundi ya mgunga ikikutana na maji inaachia. Yalikuwa safi kama ya dukani. Lile kubwa nililikunjua la mwisho. Lilikuwa limebaki na wingu la kahawia upande mmoja, kama mahali chai ilipomwagika.

Nililikunja nikanyamaza. Ndipo mama mkwe akatuma mtu aliyekuja kuuza karanga Majengo, anipitie aniambie, "Mama Elia anauliza picha yake. Marehemu alimwambia ameimaliza. Ameshaagiza fremu kwa fundi seremala."

Siku hiyo ndiyo nilikupigia, na wewe ukasema nimwambie ilinunuliwa Ulaya, itamfariji. Najua ulinihurumia, na yeye ulimhurumia. Nililifikiria, mama. Nilijaribu hata kulisema kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni. Lakini niliona kwamba kuhusu picha hii hii nimeshasema uongo mmoja, na aliyeambiwa amekufa nao. Sikuweza kusema wa pili. Halafu ingekuwaje? Angesimama kanisani awaambie wenzake uso wake uko Ulaya umetundikwa, na watu wale wale waliofua naye wanamsikiliza. Hapana. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba sikumwambia hivyo. Nilimwambia ukweli, na usinikasirikie mpaka umalize kusikiliza.

Nilikwenda na watoto wote wawili na turubai kwenye mfuko. Alitupokea kwa furaha, akambeba mdogo, akamsalimia Tumaini kwa Kigogo mpaka mtoto akaitikia, akacheka. Fremu ilikuwa imeegemezwa ukutani ndani, kubwa, ya mninga, imepigwa msasa. Akanionyesha msumari alipoupigilia. "Nimeuweka hapa ili mtu akiingia tu tuonane," akasema. Kisha akatazama mfuko. "Umeniletea?"

Nikamwambia, "Mama, kaa kwanza."

"Nikae nina nini? Ilete."

"Mama, naomba ukae."

Akakaa. Nikatoa turubai, nikalitandika sakafuni, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo. Kwamba Elia alichora kwenye maturubai. Kwamba alitumia udongo. Kwamba yale ya msibani hayakuwa ya watu. Nilisema haraka haraka nikitazama turubai, sikuweza kumtazama yeye.

Nilidhani hakunielewa. Kiswahili changu cha haraka huwa kinampita. Halafu akauliza taratibu, "Ni lile zito? Lile lililokuwa na udongo mwingi?"

"Ndiyo, mama."

"Lile nililolisugua na gunzi?"

"Sikuona mama, nilikuwa ndani."

"Nililisugua na gunzi. Wenzangu walilishindwa wakaliacha, nikalichukua mimi." Akawa anatazama viganja vyake. "Maji yalitoka mekundu, nikamwaga. Yakatoka mekundu tena, nikamwaga. Nikawaambia wenzangu, hawa watu wa mjini wana uchafu gani usiokwisha. Tukacheka. Siku ya matanga ya mwanangu nilicheka."

Tumaini alikuwa amekaa juu ya turubai, nikamvuta, akasema, "Bibi, mbona mama analia?" Mama mkwe akaniambia, "Nieleze ilivyokuwa. Nilikuwa nimevaa nini?"

"Mama, haikuwa na uso. Haikuwa na mtu."

"Sasa ilikuwa na nini?"

Nikajaribu. Mimi siyo mtu wa picha, wewe unanijua. Nikamwambia chini ilikuwa nyekundu mpaka katikati, halafu kuna mistari ya vidole, vinne vinne, inapanda kutoka chini. Mahali inaponyooka, mahali inapopinda.

Akaniinulia kichwa. "Inapinda kwenda wapi?"

"Inapanda vizuri, ikikaribia juu inalala upande huu wa kulia, inakuwa kama imekatika."

Mama mkwe akasimama. Akaenda ukutani, ukuta wake wa udongo anaoukandika mwenyewe kila mwaka mvua zikiisha, akaweka kiganja chini, akakipandisha polepole kama anayekandika. Kilipofika usawa wa bega mkono ukakwama, ukalala kulia. Akaurudia tena. Ukalala palepale.

"Unaona?" akasema. "Ukiwa na mtoto mgongoni mkono haufiki juu. Ukiunyanyua anateleza. Inabidi uupinde." Akabaki ameugeukia ukuta. "Elia hakutaka kushuka mgongoni, alikuwa mtoto wa kulia. Nyumba hii yote nimeikandika yeye yuko hapa nyuma anatazama."

Mama, miaka miwili ile picha ilikuwa ndani ya nyumba yangu. Nililala nayo. Niliitundika mbele ya kitanda cha mume wangu akaniuliza, na jibu lilikuwa pale kwenye mistari. Yeye ameijua bila kuiona hata siku moja.

Akaniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa mimi?"

Nikasema, "Ulikuwa wewe, mama."

Akasema, "Haya." Akatoka nje. Sikumfuata. Baadaye alirudi akapika ugali wa uwele na mlenda, tukala, akamlisha Tumaini kwa mkono wake, akatusindikiza mpaka barabarani. Njiani alisema neno moja tu, kwamba fremu atamrudishia fundi aitumie kwa mtu mwingine. Nikasema sawa. Hakunilaumu, mama. Laiti angenilaumu.

Sasa swali lako la pili.

Nilirudi kwake baada ya wiki mbili kumjulia hali. Nikamkuta amevaa kitenge kilekile alichovaa tulipoachana, na hakikuwa safi. Unajua wanawake wa huku walivyo nadhifu, na yeye ndiye waliyekuwa wanamwita kuwafundisha mabinti kufua nguo nyeupe. Nikajifanya sijaona. Nikaingia chumbani kumlaza mtoto, nikakuta nguo zimesukumwa chini ya kitanda, rundo, shuka, khanga, hata gauni lake la kwaya. Nikamuuliza, "Mama, unaumwa?" Akasema, "Siumwi." Nikachota maji nikaweka beseni uani, nikamwambia njoo tufue wote kama zamani. Akaja. Akainama, akaiweka khanga kwenye maji, akaitazama. Ilikuwa khanga nyekundu mama, ya zamani, ikaachia rangi kidogo kama zinavyoachia. Akatoa mikono akaiweka kwapani, akasimama hivyo kama mtu mwenye baridi, jua linawaka. Akaniambia, "Mwanangu, siwezi." Basi. Akaingia ndani.

Nilifua zote. Zilijaa kamba tatu.

Tangu hapo nimekwenda mara nne, na mara zote ni hivyo. Maji ya kunywa anachota, ya kupikia anachota, vyombo anaosha. Nguo hagusi. Dada zake Elia wameolewa mbali, na wanakijiji hajawaambia, anaona aibu. Mimi tu ndiye ninayejua kwa nini, na ni mimi niliyemwambia. Ningemwambia ule uongo wako leo angekuwa anafua. Hilo nalijua na ninalibeba. Lakini sijuti, maana angekufa bila kujua kwamba mtoto wake alikuwa mgongoni anatazama.

Kwa hiyo mama, siji. Mwisho wa mwezi narudisha chumba hiki na nahamia kwake na watoto. Nitalima naye, karanga na uwele, na shangazi ameniambia siku za gulio nishuke Majengo nimsaidie. Naomba usimtume kaka kuja kunichukua, nitamrudisha na utakuwa umempotezea safari. Siyo kwamba nimekuacha. Wewe una Atupele, una kaka, na mguu wako una watu wa kuuchua. Yeye alikuwa na Elia.

Nisalimie kaka na mkewe, mwambie wifi kitambaa cha mtoto alichonitumia bado kinatumika. Nisalimie mjomba wa Ipinda na umwambie asiache dawa zake za presha. Nisalimie bibi yule wa jirani aliyenifundisha kusuka ukili, kama bado anasikia umsogelee sikioni. Baba mchungaji mwambie namshukuru kwa maombi, na kwamba huku nako tunaimba. Atupele, wewe soma, mambo ya kuolewa yasubiri. Tumaini anakusalimu, ameniambia niandike kwamba ana kiatu kipya, siyo kweli, ni cha kupewa, lakini nimeandika.

Nikibahatika kuja kukuona nitakuja na yeye, mama mkwe, mkutane. Usimuulize juu ya picha. Na ukimuona amekaa mbali na beseni, chukua wewe nguo zake ufue, wala usimwambie kitu.

Ni mimi binti yako, niko hai, nakupenda,

Tusekile